Tarehe Mbili

Kwa Mama Wairegi, mwenye ploti, Zimmerman:
mimi Mutheu Kilonzo wa chumba D14
natoa notisi ya mwezi mmoja ya kuhama.

Nimeiandika mara nne.
Ya kwanza ilijaa samahani.
Ya pili ilitaja sababu, nikaichana;
sababu ni nguo ya ndani,
haianikwi kwenye kamba ya ghorofa ya tano.
Ya tatu ilimwagikiwa chai.
Ya nne ni hii, karatasi ya miraba
niliyoomba kwa Ochola, mtoto wa jirani,
akaichomoa daftarini bila kuangalia nyuma.

Musyimi keateka aliipokea langoni,
akaisoma kwa midomo, akatazama simu.
"Leo tarehe mbili, Mutheu.
Notisi huletwa kabla mwezi haujaingia.
Huu umeshaingia, umevua viatu, umekaa.
Yako itaanza kuhesabiwa mwezi ujao."
"Ni siku moja tu, Musyimi."
"Hata mimi nasema hivyo. Moja tu."

Nikapanda ngazi na karibu siku sitini mgongoni.

Jana, tarehe moja, nilikuwa Barabara ya Viwanda
nikirudisha aproni mbili na kitambulisho.
Kiwanda nacho kilitupa notisi:
ujumbe wa simu, saa nne usiku,
kesho msije kwenye cherehani.
Hakuna aliyeuliza kama mwezi umeingia.

(Basi, nimeshaianika.)

Lakini kinachonikereketa ni kalenda.
Ilikuwa hapa, juu ya jiko, ya duka la mbegu la Wote,
na ng'ombe wa madoa kila mwezi.
Wiki jana niliishusha,
nikang'oa msumari, nikaziba tundu
kwa sabuni ya kipande na dawa ya meno,
maana tundu moja, mkataba unasema,
hukatwa kwenye dipoziti.
Nikaokoa shilingi mia mbili za tundu.
Nikapoteza tarehe.

Mama Ochola alicheka hadi akashika ukuta.
"Wewe hama usiku," akasema. "Mkokoteni ni mia tano.
Wa D9 alihama na pazia, akaacha taa inawaka,
tukadhani yupo hadi Jumapili."
Nilifikiri. Siwezi kusema sikufikiri.
Nilipima hata kitanda kwa macho, kama kitapita mlangoni
bila kugonga.

Saa moja jioni Ochola akabisha.
Machozi yalikuwa karibu, ameyazuia kwa kidole.
Nyuma ya ile karatasi kulikuwa na kazi ya nyumbani,
kugawanya kwa tarakimu mbili,
na mwalimu wao, akasema, hagawanyi msamaha.

Tukashuka wote wawili.
Musyimi alikuwa ameibana notisi yangu
ndani ya kitabu cha risiti, tayari, imekunjwa mara mbili.
Akaigeuza. Akaona nyuma.
Akaisoma hesabu ya mtoto kwa midomo ileile.
"Hii ya tatu umekosea," akamwambia. "Inabaki nne."
Ochola akafuta kwa mate.

"Chukueni," Musyimi akasema.
"Lakini mimi sasa sina barua, Mutheu.
Mtu hawezi kuhama bila barua."
Akachana ukurasa wa kitabu cha wageni,
akaniwekea juu ya kiti chake cha plastiki,
akanipa kalamu iliyofungwa uzi.

Nikapiga magoti kwenye saruji, nikaanza:
Kwa Mama Wairegi, mwenye ploti.
"Tarehe je?" nikauliza.
Alikuwa ameshainuka kwenda kujaribu kufuli la lango,
kufuli ambalo hufungwa saa tano,
na ndiyo kwanza saa moja na nusu.
"Mimi bila miwani sioni tarehe usiku," akasema
kwa mgongo. Sijawahi kumwona na miwani.

Ochola alikuwa ameketi ngazi ya chini,
daftari magotini, ulimi nje,
akirudia ile ya tatu.
Uzi wa kalamu ulikuwa mfupi.
Nikavuta kiti karibu.